Simu imeanza vituko? Soma dalili kwanza, alafu ndo uisake apu mbaya

Simu ikianza vituko wengi wanakimbilia kudaunlodi "klina" au "antivairasi" ya kwanza wanayoiona, na hapo tatizo moja linageuka kuwa mawili manake apu za kusafisha simu ni moja ya vichaka ambavyo wahuni wanavipenda sana. Wengine wanaenda moja kwa moja kuriseti simu nzima, wanapoteza picha na meseji za miaka, kumbe shida ilikuwa tovuti moja tu waliyoiruhusu kutuma notifikesheni. Kwa hiyo tulia, angalia simu inafanya nini hasa, alafu jiulize swali moja: ili kufanya hicho kitu, apu ingehitaji ruhusa gani?

Hilo swali utalitumia mwanzo mwisho. Ikoni inafichwa, jina linadanganya, zipo apu mbaya zinajiita "Mipangilio" au "Huduma za Google" na picha ya gia zinaweka kabisa, lakini ruhusa haifichiki kirahisi, inakaa kwenye setingi na jina la apu iliyopewa liko palepale. Za kuziogopa zaidi ni ufikivu (kama simu yako iko Kiingereza utaona Accessibility), kuonekana juu ya apu zingine, kusoma notifikesheni, kusoma SMS, uadmini wa kifaa, na ruhusa ya kuinstoli apu zingine. Kila kampuni ya simu inaziweka sehemu hizi inapojua yenyewe, usihangaike kufuata menyu ya simu ya mtu mwingine, fungua setingi, gusa kile kisanduku cha kutafuta pale juu, andika jina la unachokitaka kitakuja chenyewe.

Na kabla hatujaendelea: kama kuna pesa inatoka sasa hivi, yani umeona muamala ambao hujaufanya, acha kusoma hapa shuka moja kwa moja kwenye sehemu ya pesa.

Matangazo yanaruka skrini nzima hata kama hujafungua kitu

Hii ina vyanzo vitatu na watu wanavichanganya sana.

Cha kwanza ambacho hata sio apu mbaya ni notifikesheni za brauza. Uliingia tovuti fulani ya kudaunlodi muvi au kuangalia mpira, ikakwambia "bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe sio roboti", ukabonyeza. Tangu hapo hiyo tovuti inakurushia matangazo kila saa, mengine yanaandikwa kama vile yametoka kwenye mfumo wa simu, "betri yako imeharibika", "umepata meseji 3". Ukivuta hizo notifikesheni chini utaona pembeni kuna alama ya Chrome au brauza unayotumia na jina la tovuti kwa maandishi madogo. Dawa yake ni rahisi, ingia kwenye setingi za brauza, sehemu ya notifikesheni, toa kila tovuti usiyoijua. Dakika mbili umemaliza, hamna cha kufuta wala kuriseti.

Cha pili ni apu ya kawaida tu yenye tamaa. Matangazo yanatokea ukiwa ndani yake, kila ukibonyeza kitu tangazo, ukirudi nyuma tangazo. Inaudhi ila sio kirusi, ukichoka futa tafuta nyingine.

Cha tatu ndo chenyewe: tangazo linafunika skrini nzima ukiwa umekaa kwenye skrini ya mwanzo, au ukiwa unaongea na simu, au unafungua tu loki linakusubiri. Hapo kuna apu inachora juu ya zingine, au inajifungua yenyewe kwa nyuma. Namna ya kuikamata ni kutolifunga tangazo haraka. Likitokea tu, bonyeza kitufe cha kuonyesha apu zilizo wazi, kile cha mraba au kuvuta kidole kutoka chini na kushikilia, utaona kadi ya hilo tangazo na juu yake kuna ikoni ya apu iliyolileta. Gusa hiyo ikoni, chagua taarifa za apu, umeshamfikia mwenyewe. Wajanja wao wanaweka ikoni tupu isiyo na rangi na jina lisiloonekana lakini hata hivo ukigusa sehemu hiyo tupu ukurasa wa taarifa unaweza kufunguka, na kitufe cha kufuta kipo.

Ikishindikana nenda setingi, tafuta sehemu ya kuonekana juu ya apu zingine, utapata orodha. Apu za kuchati zinazoweka vile viduara vya kuelea zina sababu ya kuwa hapo. Tochi haina. Kikokotoo hakina. Apu ya kubadilisha picha ya ukutani haina. Zizime zote zisizo na sababu alafu kaa nusu siku uone, matangazo yakikata rudisha moja moja mpaka umjue mchawi.

Sasa watu wanakataa, "lakini hii apu ninayo mwaka mzima haijawahi kunisumbua". Umri hauisafishi apu. Kulikuwa na apu moja ya kuskani barkodi, Barcode Scanner ya kampuni ya Lavabird, iliyokuwa imeinstoliwa zaidi ya mara milioni 10 na ilikuwa inafanya kazi yake vizuri tu, alafu mwisho wa 2020 ikaletewa apdeti iliyoanza kufungua matangazo kwenye brauza yenyewe bila mtu kugusa kitu. Kampuni ya usalama ya Malwarebytes ndo walioieleza hadharani Februari 2021 na Google wakaiondoa. Nyingine ni iRecorder, ya kurekodi skrini, iliwekwa Play Store 2021 ikiwa safi, mwaka uliofuata ikaongezewa kodi (maelekezo ya programu) ya kurekodi sauti ya maiki na kuiba mafaili, ESET, kampuni nyingine ya usalama, wakaja kuigundua 2023. Kwa hiyo unapotafuta chanzo usiangalie tu ulichoinstoli juzi, angalia na kilichoapdetiwa juzi, kwenye Play Store orodha ya apu zako unaweza kuipanga kwa zilizosasishwa karibuni.

"Simu yako ina virusi, bonyeza hapa kusafisha"

Hii ni fupi. Ni ukurasa wa tovuti, sio simu inayoongea. Hakuna tovuti inayoweza kuskani simu yako ikajua ina virusi vingapi. Funga hiyo tabo, ikikataa kufungika lazimisha brauza yenyewe kusimama kupitia setingi za apu, alafu futa historia na data za tovuti. Kama hukubonyeza wala hukuinstoli walichokupa, hujapata chochote. Kama uliinstoli, soma mbele.

Betri inaisha, simu inachemka, bando linayeyuka

Hapa ntakuwa mkweli, mara nyingi sio apu mbaya. Betri imezeeka, mtandao ni dhaifu simu inahangaika kutafuta mnara, apdeti ya mfumo imeingia jana na bado inapanga mambo yake, au kuna apu ya video inajichezea yenyewe. Lakini kuangalia ni bure, fungua matumizi ya betri na uone nani yuko juu, alafu fungua matumizi ya data na hapo angalia hasa data inayotumika nyuma ya pazia wakati hujaifungua apu. Apu ya video kula bando ni kawaida yake. Apu ya kibodi, tochi, dira, au kalenda ya mwezi kutumia mamia ya megabaiti kwa nyuma sio kawaida, inatuma kitu au inapakua kitu au inabonyeza matangazo kimyakimya ili mwenyewe alipwe.

Kuna na zile zinazochimba sarafu za kidijitali kwa kutumia simu yako. Mwaka 2017 kampuni ya usalama ya Kaspersky walipoichunguza moja inayoitwa Loapi waliiacha kwenye simu ya majaribio, baada ya siku 2 betri ikavimba mpaka ikasukuma mfuniko kwa jinsi simu ilivyokuwa inafanyishwa kazi. Kwa hiyo simu inayochemka imelala mezani, haichaji, skrini imezimwa, hiyo usiichukulie poa. Na betri ikishavimba, sababu iwe nini, acha kuichaji peleka kwa fundi.

Ukimpata mtumiaji mkubwa usikimbilie kufuta, mzuie kutumia data ya nyuma kwanza uone kama atalalamika. Apu ya tochi inayokataa kuwasha taa mpaka upewe intaneti imeshajieleza yenyewe.

Salio linakatwa, meseji za "umefanikiwa kujiunga" zinakuja

Kuna ukoo wa apu unaitwa Joker, au Bread kwa jina ambalo Google wanalitumia, upo tangu 2017 na kazi yake ni kukuunganisha na huduma za kulipia bila wewe kujua. Inakuja imevaa nguo za apu ya kuongeza emoji, ya kusoma PDF, ya kutafsiri, ya kupendezesha picha. Ikishaingia inafungua ukurasa wa huduma ya kulipia mahali usipopaona, inajaza namba, inasubiri kodi ya uthibitisho (ile namba ya siri ya mara moja) ije kwa SMS, inaisoma, inaijaza, imeisha hiyo, unakatwa kwenye salio. Januari 2020 Google walisema wameshaziondoa apu 1,700 za namna hiyo kwenye Play Store, na baada ya hapo bado ziliendelea kurudi kwa majina mengine.

Swali letu la ruhusa linafanya kazi vizuri hapa. Ili kodi isomwe, apu ilihitaji moja ya mawili, kusoma SMS au kusoma notifikesheni (manake SMS ikija notifikesheni yake inaonyesha maneno yote). Watu wanakagua ya SMS tu wanaona safi wanaondoka. Nenda tafuta ufikiaji wa notifikesheni, humo wanaotakiwa kuwepo ni wachache mno, saa janja, apu ya gari, labda apu ya skrini ya mwanzo. Apu ya kubadilisha rangi za kibodi inafanya nini humo?

Ukishaitoa, kuifuta apu hakuvunji ule uanachama. Huduma iko upande wa mtandao wa simu, itaendelea kukata. Piga huduma kwa wateja, waambie wakutajie huduma zote za kulipia zilizo kwenye laini yako wazitoe, na uliza kama wanaweza kuzifungia kabisa zisijiunge tena.

Watu wanasema umewatumia linki na wewe hujatuma

Kama ni kwenye WhatsApp au mtandao wa kijamii peke yake, anza na akaunti kabla ya apu, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, toa usivyovijua, washa uthibitishaji wa hatua mbili. Ila kama ni SMS za kawaida zinazotoka kwenye namba yako kwenda kwa watu walioko kwenye kontakti, hiyo ni apu iko ndani ya simu. Mfano mkubwa ulikuwa FluBot, ilianza kutajwa mwishoni mwa 2020, ikasambaa sana 2021. Unapata SMS "mzigo wako umefika, fuatilia hapa", unabonyeza, unaambiwa udaunlodi apu ya kufuatilia mzigo, ukiinstoli inachukua kontakti zako zote na kuwatumia watu ujumbe uleule. Mitambo yake polisi wa Uholanzi waliivuruga Mei 2022, Europol (shirika la polisi la Ulaya) wakatangaza mwezi uliofuata, lakini mtindo wenyewe haukufa hata kidogo, siku hizi faili la .apk (faili la kuinstoli apu) linatumwa likiitwa kadi ya mwaliko, risiti, faini, au picha. Picha haina .apk mwishoni. Mwaliko hauinstoliwi.

Setingi zinajifunga zenyewe, apu haifutiki

Ukifika hapa sasa tunaongelea jambo zito. Unagusa kufuta, ukurasa unajifunga. Unaingia setingi, inakurudisha mwanzo. Au kitufe cha kufuta kimefifia hakibonyezeki. Sababu ni moja kati ya mbili au zote kwa pamoja.

Kitufe kufifia mara nyingi ni uadmini wa kifaa. Apu ikiwa admini haiwezi kufutwa mpaka uivue cheo, tafuta kwenye setingi "apu za kudhibiti kifaa", itoe tiki, alafu ndo uende kuifuta. Utakuta na za halali pale kama ile ya kutafuta simu iliyopotea au ya barua pepe za kazini, hizo ziache.

Ukurasa kujifunga wenyewe ni ufikivu. Hii ruhusa ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye shida ya kuona au ya mikono, kwa hiyo apu yenye nayo inaweza kusoma kilichoandikwa kwenye skrini yako na kubonyeza badala yako. Ukiiwazia vizuri, umempa mgeni ufunguo wa nyumba na mkono wako wa kulia. Inasoma nenosiri unapoandika, inabonyeza "ruhusu" kwenye ruhusa zingine zote kabla hujakonyeza jicho, na ikiona umefungua ukurasa wa kuifuta inabonyeza kitufe cha kurudi. Ndo maana apu mbaya karibu zote za kuiba kwenye benki zinaipigania hii kuliko kitu chochote, zitakuletea dirisha la kuomba mara kumi, mara ishirini, mpaka uchoke ubonyeze.

Namna ya kutoka ni seifu modi. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka menyu ya kuzima itokee, alafu kwenye yale maneno ya kuzima gusa na ushikilie bila kuachia, simu nyingi zitakuuliza kama unataka kuwaka kwa seifu modi, kubali. Nyingine unazima kabisa, ukiwasha ikionyesha nembo unashikilia sauti ya chini mpaka imalize kuwaka. Ukiona maneno Safe mode kwenye kona ya chini umefika. Hapo apu zote ulizoinstoli wewe zimelala, ile mbaya haiwezi kujitetea, ingia taratibu toa ufikivu, toa uadmini, futa. Zima washa tena kawaida. Vile vidude vya skrini ya mwanzo (widgets) vinaweza kuwa vimehama sehemu zake, usiogope, utavipanga upya.

Seifu modi pia inakupa jibu hata kama hujui mchawi ni nani. Kama ndani yake vituko vimeisha kabisa, ni apu uliyoinstoli. Kama vinaendelea, ni kitu kilichokuja na simu au kimejichimbia kwenye mfumo, hapo nenda sehemu ya mwisho.

Kitu kingine, tangu Android 13 ya mwaka 2022 apu nyingi zilizotoka nje ya duka (Play Store) zinakataliwa ufikivu moja kwa moja, simu inakwambia setingi hii imezuiwa. Ni breki nzuri. Kwa hiyo ukikuta mtu kwenye video au kwenye simu anakuelekeza "ingia taarifa za apu, gusa vidoti vitatu, ruhusu setingi zilizozuiwa", elewa anakufundisha kuitoa breki. Sijui apu gani ya mkopo au ya kubeti inahitaji kusoma skrini yako nzima.

Pesa imetoka, au kodi za uthibitisho za benki hazifiki

Hapa usianze kutafuta apu. Weka simu kwenye hali ya ndege na uhakikishe Wi-Fi nayo imezima, wahuni wengi wanaiendesha simu yako kutoka mbali wakati huohuo, ukikata intaneti umewakata mikono. Chukua simu nyingine, piga benki au mtoa huduma wako wa pesa kwa namba iliyoko nyuma ya kadi au kwenye tovuti yao rasmi, omba wafungie akaunti. Usitumie namba uliyotumiwa kwa meseji. Badilisha nenosiri kutokea kifaa kingine, manake ukibadilisha kwenye simu hiyohiyo mgonjwa umempelekea mwizi jipya.

Jinsi wanavyofanya: unafungua apu yako halisi ya benki, ile mbaya inaona kupitia ufikivu na kuweka juu yake ukurasa wa bandia unaofanana, unaandika PIN, inaenda kwao. Kodi ya SMS ikija inasomwa na kufichwa ndo maana wewe unaona hazifiki. Kuna iliyoitwa BRATA, Januari 2022 ilielezwa kwamba ikimaliza kuiba inaifuta simu nzima yenyewe, mwenye simu anahangaika kuiwasha upya huku pesa zinasafiri. Kwa hiyo simu iliyojiriseti bila kuguswa usiishangae tu, cheki salio la benki saa hiyohiyo.

Kabla hujafuta kitu piga picha za skrini kwa simu nyingine, jina la apu, meseji, muda. Benki na polisi watauliza.

Mtu anajua mambo yako kuliko kawaida

Anajua ulipo, anajua ulichoandika. Wengi wanawaza udukuzi wa hali ya juu lakini chanzo mara nyingi ni mtu aliyeshika simu yako dakika tano na anaijua PIN. Angalia vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp, angalia akaunti ya Google au Apple imefunguliwa kwenye vifaa gani, angalia kama unashea mahali ulipo kwenye ramani. Piga *#21# uone kama simu zako zinaelekezwa namba nyingine, na ##002# inafuta maelekezo yote kwenye mitandao mingi ya GSM. Alafu ndo uende kwenye ufikivu, uadmini na ufikiaji wa notifikesheni kutafuta apu za kupeleleza, na angalia kama Play Protect (mlinzi wa Google anayekagua apu) imezimwa, manake apu hizo zikiwekwa mwenye kuziweka huizima kwanza. Ukiikuta imezimwa na hukuizima wewe, hiyo peke yake ni dalili.

Kuanzia Android 12 na iOS 14 kuna kitone juu ya skrini kamera au maiki ikitumika, kwenye iPhone cha njano ya machungwa ni maiki na cha kijani ni kamera, kwenye Android ni kijani. Kikiwaka huku hutumii kitu, kwenye Android fungua dashibodi ya faragha uone nani ametumia na saa ngapi.

Ila hapa kuna tahadhari moja kubwa. Kama unayemshuku ni mtu unayeishi naye na ana tabia ya kupiga au kutishia, usiifute hiyo apu ghafla, atajua palepale. Tumia simu ya mtu mwingine kutafuta msaada na kujipanga, simu yenyewe itasafishwa baadae.

Apu za mikopo zinazosumbua ndugu na marafiki

Hizi zinaomba kontakti na picha siku ya kwanza, alafu ukichelewa siku moja wanawapigia watu wako wote. Google walizipiga marufuku apu za mikopo binafsi kuchukua kontakti na picha kuanzia 31 Mei 2023, kwa hiyo inayoomba hivyo vitu inavunja sheria ya duka lenyewe, au imetoka nje ya duka. Kufuta apu sasa hivi hakurudishi kontakti zilizoshachukuliwa, ila kunazuia mpya. Waambie watu wako mapema wenyewe kabla hawajapigiwa, hiyo inapunguza nguvu ya vitisho kuliko kitu kingine chochote.

Wenye iPhone

Nyie mna shida chache ila sio sifuri. Kalenda imejaa "virusi vimegunduliwa"? Ulijiunga na kalenda ya mtu kwa kubonyeza linki, ingia kwenye apu ya kalenda, orodha ya kalenda, jiondoe. Simu inapitisha mambo sehemu za ajabu au kuna apu hukuiweka? Setingi, Jumla, VPN na usimamizi wa kifaa, ukikuta profaili (kifurushi cha setingi kinachompa mtu mwingine usimamizi wa simu) ambayo si ya kazini au shuleni kwako, futa. Na usijidanganye kwamba duka la Apple halijawahi kuingiliwa, mwaka 2015 programu mbaya iliyoitwa XcodeGhost iliingia kupitia zana za kutengenezea apu ambazo watengenezaji wenyewe walizidaunlodi kutoka sehemu zisizo rasmi, hata WeChat ilikuwemo.

Nimeriseti na imerudi

Kabla ya kusema imejichimbia, angalia bakapu. Ukiriseti alafu ukakubali simu irudishe apu zote zilizokuwepo, nayo imerudi. Riseti tena, safari hii rudisha kontakti na picha tu, apu uinstoli moja moja kutoka dukani. Angalia na memori kadi, faili la .apk linaweza kuwa limekaa humo linasubiri uliguse tena.

Angalia pia kama hujarudisha wewe mwenyewe mlango uleule. WhatsApp za kuchezewa, zile za rangi na kuona meseji zilizofutwa, hazipo dukani na hakuna anayezikagua. Agosti 2021 Kaspersky walikuta toleo moja la FMWhatsApp, mojawapo ya hizo za kuchezewa, limebeba kirusi kinachoitwa Triada ndani yake, na kwa sababu ni apu ya meseji watu walikuwa wameshaipa SMS na kila kitu kwa hiari yao. Ukiriseti alafu kitu cha kwanza ukainstoli hiyo, usilaumu riseti. Baada ya kuinstoli chochote kutoka nje ya duka kwa sababu unayoijua mwenyewe, rudi kwenye ruhusa ya kuinstoli apu zisizojulikana uizime, tangu Android 8 ruhusa hiyo inatolewa kwa kila apu peke yake, kwa hiyo angalia brauza, WhatsApp, Telegram na meneja wa mafaili, kila mmoja.

Kama umefanya yote hayo na bado inarudi, basi ni ya kundi la xHelper, apu mbaya sugu. Ilianza kuonekana 2019, watu wanariseti inarudi, wanariseti inarudi, mpaka 2020 Kaspersky wakaeleza kwamba ilikuwa inatumia Triada kupata nguvu za ruti (mamlaka kamili juu ya simu) na kujiandika kwenye sehemu ya mfumo ambayo riseti haiigusi. Walioathirika sana walikuwa na Android za zamani. Na kuna simu zilizouzwa zikiwa na Triada tangu boksi, Google wenyewe walithibitisha 2019 kwamba iliingizwa kwenye mnyororo wa utengenezaji wa baadhi ya simu. Hapo dawa ni kuflashi, yani kuandika upya mfumo wote wa simu, kwa firmware (mfumo wa simu) rasmi ya modeli yako, kutoka kwa mtengenezaji, sio faili la kuokota. Fundi anayejua kazi anafanya. Kama mtengenezaji hana firmware safi, au simu ilishaacha kupata apdeti za usalama miaka mingi, hiyo simu itumie kwa redio na kupiga picha, toa laini yenye pesa, toa akaunti ya benki, na barua pepe yako kuu usiifungulie humo.